Ombi la Kufungwa kwa Karakana ya Watoto Kabla Haijanimalizia Heshima

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi,
Hapa mtaani.

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

YAH: KARAKANA YA WATOTO, NA YALIYONIPATA KWA SABABU YAKE

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na mlango wa ofisi yako ukiwa bado kwenye bawaba zake. Mimi ni mzazi wa yule mwanafunzi wa darasa la pili mwenye penseli mbili nyweleni na bisibisi mfukoni. Jina lake la kwenye daftari la mahudhurio limeshasahaulika, maana shule nzima inamwita Bisibisi, na sasa hata bibi yake mzaa mama, ambaye tunaishi naye, anamwita hivyo hivyo. Ana miaka saba. Mimi kikazi ni karani mkuu wa masijala, huu ni mwaka wa kumi na tisa, na katika muda wote huo sijapoteza hata faili moja. Nalitaja hili si kwa kujisifu, bali ujue unaandikiwa na mtu wa aina gani.

Katika tangazo lako la wiki iliyopita ulitutaka wazazi tutoe maoni kwa maandishi kuhusu kile chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu, ambacho sasa mlangoni kimeandikwa Karakana ya Watoto, ili kamati ikikaa Ijumaa iamue kama kiendelee au kifungwe. Maoni yangu ni kwamba kifungwe, kwa kufuli, na ufunguo akabidhiwe mtu asiyependa watoto. Najua wazazi wengine watakuandikia habari za nyundo na vidole. Mimi sina ugomvi na nyundo. Vidole vya binti yangu nimevihesabu, vyote kumi vipo. Ninachogombea ni kitu kimoja tu, nacho ni nafasi yangu ya kuwa baba mbele ya mtoto huyu. Nafasi hiyo inapungua kila anaporudi nyumbani na mfuko uliojaa skrubu. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba, kama nilivyozoea.

1. Redio. Sebuleni kwetu kulikuwa na redio iliyonyamaza miaka mitatu iliyopita, na tulishaizoea hivyo. Mke wangu aliitandikia kitambaa akaweka juu yake chombo cha maua. Kila aliponiuliza habari zake nilimjibu kwamba nitaiangalia Jumamosi, na jibu hilo lilitutosha sote kwa miaka mitatu mizima. Jumanne moja nilirudi kutoka kazini nikakuta maua yamewekwa sakafuni, redio imelala kifudifudi mgongo wazi, na Bisibisi anasugua vile vichuma vya kushikia betri kwa kipande cha msasa alichopewa shuleni. Nikamwambia aache, hicho ni kitu cha watu wazima. Akasema sawa Baba, akarudisha betri, akawasha, na msomaji wa habari akaendelea kuzungumza kana kwamba hajawahi kuondoka nyumbani kwangu. Kumbe ilikuwa kutu tu. Mke wangu alinitazama mimi, halafu akaitazama kalenda ukutani, upande wa Jumamosi.

2. Mlango wa jikoni. Mlango huu ulikuwa unalia, na kilio chake kilikuwa na kazi maalumu ambayo sikuwahi kumweleza mtu. Daktari amenikataza sukari. Kwa hiyo nikiwa jikoni peke yangu na kopo la sukari, mlango ndio ulionijulisha kwamba kuna mtu anaingia, nami nikapata muda wa kufunika kopo na kujitia naosha kijiko. Bisibisi, bila kumshauri yeyote, alipaka nta ya mshumaa kwenye bawaba. Alhamisi mama mkwe wangu aliingia kimya akanikuta na kijiko mdomoni. Ni mtu mstaarabu sana. Aliniambia tu, "Pole, baba," akarudi alikotoka, na mlango haukulia hata wakati wa kufungwa. Tangu siku hiyo kopo la sukari linalala chumbani kwake.

3. Lugha. Zamani kitu kikimshinda mtoto huyu alikuja kwangu na machozi, akaniambia, "Baba, kimeharibika." Nami nilimfuta machozi kwa leso yangu, nikamwambia basi mama, tutanunua kingine, akanikumbatia, mambo yakaisha. Siku hizi halii. Anasema, "Bado hakijakubali," anakaa chini na kuvuta daftari. Nimefuatilia nikagundua kwamba neno hilo amelitoa kwa mwalimu wa karakana, yule mama mwenye futi kamba shingoni ambaye hata akikusalimia jicho lake moja linapima kitu nyuma yako. Ameliondoa kabisa neno kuharibika katika vinywa vya watoto wetu. Juzi gari la mbao la Bisibisi lilivunjika ekseli. Nikatoa leso mapema kabisa na kusimama karibu. Akanipita kwenda kutafuta gundi. Nakiri mbele yako kwamba iliniuma.

4. Maswali. Nitayaandika kwa kifupi kwa kuwa mengi sikuyajibu. Kwa nini feni inazunguka upande huu na si ule? Kwa nini bomba la nje linatoa maji kwa nguvu kuliko la bafuni, na maji ni yale yale? Maandishi ya kwenye muhuri wa ofisini kwako, Baba, aliyeyachonga kinyumenyume alitumia kioo? Nilimjibu kwamba ndivyo ilivyo. Akaandika "ndivyo ilivyo" kwenye daftari lake, akaweka alama ya kuuliza mbele yake, na kesho yake akaenda kumwuliza mwalimu ni kitabu gani kinachoeleza habari za ndivyo ilivyo.

5. Hapa naomba ukae. Katika chumba hicho kuna utaratibu ambao sijauona katika ofisi yoyote niliyofanya kazi. Mtoto akitengeneza kitu kikagoma, hakifichwi wala hakitupwi. Kinawekwa kwenye rafu ndefu iliyo chini ya dirisha, pamoja na kadi yenye mistari mitatu: nilijaribu nini, kikatokea nini, sasa nitajaribu nini. Kisha wenzake wote wanampigia makofi. Sikuamini nilipoambiwa, kwa hiyo niliomba ruhusa kazini nikaja kuhakikisha. Nimeona gari la katoni lenye matairi ya vizibo ambalo linakubali kurudi nyuma tu. Nimeona taa inayowaka ukiizima. Nimeona daraja la vijiti lililobeba tofali kwa muda wa kupiga chafya moja, na kadi ya mjenzi wake, mtoto wa darasa la kwanza, ilisema kwamba sasa atajaribu tofali dogo. Makofi yenyewe niliyasikia nikiwa bado getini. Katika masijala yetu, Mwalimu Mkuu, kosa la mtumishi lina faili lake, faili lina muhuri wa siri, na hakuna anayelipigia makofi.

Sasa desturi hii imehamia nyumbani kwangu. Bisibisi ameitwaa rafu ya sebuleni, mahali palipokuwa na cheti changu cha utumishi bora. Cheti kimepelekwa juu ya friji. Kila mwanafamilia anayekosea anawekewa kadi. Mke wangu anayo: alijaribu kushona pazia, upande mmoja ukauzidi mwingine kwa shubiri nzima, sasa atapima kabla ya kukata. Mama mkwe wangu anazo tatu na anazionyesha wageni. Katika ile anayoipenda zaidi alijaribu kuunga mkono wa kikombe kwa gundi ya karatasi, ukabanduka chai ikiwa ndani, sasa atakunywa kwenye glasi.

Jumapili bosi wangu alipita na mkewe kutujulia hali. Akazisoma kadi zote, akacheka mpaka akavua miwani, kisha akauliza kwa utani mbona ya mwenye nyumba haipo. Nikaanza kutabasamu. Nilikuwa nangoja mtoto aseme kwamba baba yake huwa hakosei, na nilishapanga hata namna ya kuinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Bisibisi akasema, "Baba hana kadi. Hajawahi kujaribu kitu."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kwa sauti ile ile anayotumia kutuarifu kwamba chumvi imekwisha. Bosi akageukia dirisha akasifu pazia, bahati mbaya upande ule mrefu. Nimekalia kiti changu miaka kumi na tisa nikihakikisha hakuna kosa linalopita mikononi mwangu, na sikujua kwamba mtu anayenipenda anaweza kuitazama miaka hiyo yote akaona mahali patupu. Chai yangu sikuimaliza.

6. Kutokana na namba tano, nilijaribu kitu. Lawama ya yaliyofuata naielekeza kwa shule moja kwa moja.

Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana, nilijifungia stoo nikiwa na mbao, skrubu, na bisibisi ambayo niliiazima bila mwenyewe kujua. Nilikusudia kumtengenezea binti yangu kabati la daftari zake, awe na cha kuwaonyesha wageni. Nilifanya kazi kama mtu wa masijala. Nilipima kila ubao, nikaandika vipimo katika nakala tatu, nikatia tarehe na sahihi. Jambo moja tu sikulipima, nafasi ya kulisimamishia. Nililiunga likiwa limelala sakafuni, kisha nikakusanya nguvu zangu zote nikaliinua. Likapanda vizuri, halafu likakwama: kwa juu limebana dari, kwa chini limebana mlango, na mlango wa stoo yetu unafungukia ndani. Nakala zote tatu za vipimo nilikuwa nazo humo humo.

Nilijikaza kisabuni kwa muda wa saa nzima. Nilisukuma, nikavuta, nikalisemesha kabati kwa maneno ambayo siwezi kuyaweka katika barua ya ofisi. Mwishowe nikabisha hodi katika nyumba yangu mwenyewe, kutokea ndani.

Aliyekuja ni Bisibisi. Alilala kifudifudi kwenye korido, akaweka jicho moja kwenye upenyo wa chini ya mlango, akaniuliza naona nini. Nikamweleza. Akasema, "Usilisukume Baba, litazidi kubana. Anza na skrubu ya juu, ya mkono wa kulia. Zungusha kushoto. Ikigoma, pumzika." Nikafanya hivyo. Ya kwanza ilitoka, nikaipitisha chini ya mlango, naye akaipokea na kuihesabu kwa sauti. Mama yake alipofika akataka aitwe fundi seremala wa pale kona, na mtoto akamjibu, "Subiri kwanza Mama, tuko kwenye ya nne." Tuko, alisema. Nilikuwa nimekaa gizani na vumbi la mbao puani, nikajikuta nalirudia neno hilo moyoni.

Skrubu zilikuwa ishirini na mbili. Ya kumi na moja ilikuwa imeingia upande, niliipinda mwenyewe kwa haraka zangu, na hapo nilitaka kukata tamaa. Akanisimulia kupitia ule upenyo jinsi yake ya kwanza kabisa ilivyoingia upande, na jinsi alivyoitoa kwa kuegemea bisibisi kwa uzito wa mwili na kuzungusha polepole. Nikaegemea. Ikatoka. Ilipofika ya ishirini na mbili mbao zililegea, mlango ukafunguka, nikatoka nywele zikiwa nyeupe kwa vumbi. Mke wangu na mama yake walikuwa wamesimama kwenye korido wakanipigia makofi. Naona aibu kulitaja hili katika barua rasmi, lakini nilifurahi.

Lalamiko langu hapa ni la kiutaratibu. Mtoto wa miaka saba alinielekeza kwa muda mrefu, na katika muda huo wote hakuniambia hata mara moja kwamba mimi ni mzembe. Mimi, siku alipomwaga wino kwenye daftari langu la kazi, nilimwambia neno hilo mara tatu mfululizo, na la tatu nililipandisha sauti. Ina maana shuleni kwako watoto wanafundishwa uvumilivu ambao sisi wazazi hatujafundishwa, tena bila taarifa. Sasa kila ninapotaka kumkaripia namkumbuka akiwa kifudifudi kwenye ile korido, na karipio linanifia mdomoni. Nitamlea vipi mtoto kwa hali hii?

7. Maombi. Kwa hayo yote naiomba kamati ikifunge chumba hicho mara moja. Kama hilo litaonekana kali, basi karakana iendelee ila watoto wasiguse kitu. Wafundishwe kwa picha ubaoni, kama tulivyofundishwa sisi. Mimi somo la umeme nililisoma kwa kuchora balbu na kuandika majina ya sehemu zake kwa muhula mzima. Nilipata alama zote, na hadi leo sijawahi kupigwa shoti wala kutengeneza taa. Kama kugusa ni lazima, waguse vitu vizima, kwa kuwa kitu kizima hakimwaibishi baba wa mtu. Maswali ya kwa nini yaombewe kibali, yasizidi matatu kwa siku, Jumapili mawili. Fomu yake nimeshaiandaa na naiambatanisha.

Na kama yote haya yatakataliwa, nina ombi la mwisho, ambalo kwa kweli ndilo ninalolitaka kuliko mengine yote. Mzazi apewe notisi ya siku kumi na nne kabla mtoto wake hajafundishwa jambo jipya. Katika siku hizo baba ajifunze jambo hilo kwa siri, ili mtoto akirudi nyumbani na kusema, "Baba, hebu tazama," baba aweze kusema, "Aa, hilo, mbona nalijua," na mtoto amtazame kwa namna ile aliyokuwa akimtazama zamani. Sidhani kama naomba makubwa. Wiki mbili zinanitosha. Mimi hushika haraka mambo yakiandikwa.

Nimeyaandika haya bila chuki na mtu. Nisalimie walimu wote, pamoja na mlinzi wa geti aliyenipa kiti siku ile niliposikia makofi. Mpishi naye mpe salamu, najua vifuniko vya masufuria yake vinne vimegeuzwa magurudumu na amevumilia. Mwalimu wa karakana umwambie msasa wake tumeuona. Nyumbani hapa mke wangu anakusalimu, mama mkwe wangu anakusalimu na anauliza kama watu wazima wanaruhusiwa kuleta kadi zao shuleni. Swali hilo ni lake, mimi nalifikisha tu.

Ni mimi, ambaye hadi leo hajapoteza faili,

Karani Mkuu wa Masijala
(Baba Bisibisi)

Nakala: Mwenyekiti wa Kamati ya Shule
Kiambatanisho: Fomu ya Kibali cha Kuuliza Kwa Nini (kurasa mbili)

Nyongeza: Niwie radhi kwa mwandiko wa sehemu hii, naandika kwa mkono wa kushoto. Barua nilikuja nayo mwenyewe leo baada ya kazi ili nikukabidhi mkononi. Njia ya kwenda ofisini kwako inapita mbele ya karakana, na dirisha lilikuwa wazi. Bisibisi akaniona. Hakuniuliza nimefuata nini. Alisema, "Baba, njoo unishikie hapa," nikaingia. Katika miaka yake yote saba huyu mtoto ameniomba nimnunulie vitu vingi, lakini kumshikia hajapata kuniomba.

Ninachoshikilia kwa mkono wa kulia ni mbao mbili zilizopakwa gundi, ambazo zitakuwa kona ya sanduku la vifaa vya darasa la kwanza. Gundi hii inataka nusu saa. Kwa hiyo naomba namba moja hadi saba zisifikishwe kwanza mbele ya kamati. Baada ya kona hii kuna kona nyingine tatu, kisha mfuniko, kisha bawaba, na mwenye kazi ananiambia kwamba baada ya hapo ana mpango wa kitu kikubwa. Tumekadiria pamoja, mimi na yeye, tukaona chumba kisifungwe kabla hajamaliza shule. Kamati ikilazimika kupiga kura Ijumaa, mimi uniandike upande wake.

Barua hii atakuletea mwalimu wa karakana. Najua ofisi yako ni hatua ishirini tu kutoka hapa nilipo, lakini nimeambiwa nisiachie.